Nyasi za Agosti

Nilikuwa na miaka saba siku ndama walipoingia kwenye ngitili ya babu. Ilikuwa Aprili 1974, mvua bado zinanyesha, na nchi yetu ya Shinyanga ilikuwa kijani mpaka upeo wa macho. Nilikuwa nimepewa ndama wanne niwachunge, kazi ya kwanza ya mtoto wa kiume kwetu kabla hajaaminiwa kukabidhiwa ng'ombe wakubwa. Nilikaa kwenye tuta la jaruba nikifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe za vijiti, nikawasahau walio hai. Nilipoinua macho, ndama wote wanne walikuwa wamepenya uzio wa minyaa, nyasi zimewafika mbavuni, wanakula kwa raha zao.

Babu alitokea upande wa kisimani. Hakukimbia, wala hakuniinulia fimbo. Tuliwatoa ndama pamoja, akawahesabu, akaziba pengo la uzio kwa matawi ya miiba. Kisha akang'oa unyasi mmoja uliokuwa mrefu kunizidi, akaniwekea kiganjani.

"Nyasi hizi ni za nani?"

"Zako, guku."

"Hapana. Hizi ni za Agosti. Mimi ninazitunza tu."

Niliona ajabu mwezi kumiliki nyasi. Lakini tangu siku ile nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka 30, nimehudhuria semina za mazingira, nimesoma vitabu vinavyoeleza uendelevu kwa michoro na majedwali, na bado sijakutana na maelezo mafupi na kamili kuliko yale. Ninaandika kumbukumbu hii kwa sababu niliyaona maneno ya babu yakipuuzwa, nikaona yaliyotupata, kisha nikaishi hadi kuona nchi yangu ikiyarudia.

Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na kuachwa bila kuguswa mpaka kiangazi kikaze, Julai au Agosti, wakati nyasi za nje zimekwisha na ardhi imebaki vumbi. Hapo ndipo hufunguliwa, tena kwa vipande: wiki hizi upande huu, wiki zinazofuata upande ule. Wa kwanza kuingia ni wale wasioweza kwenda mbali: ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai ambao mvua zikirudi watatakiwa kuvuta plau. Kaya yenye mifugo ilijitahidi kuwa na ngitili yake, hata kama ni eka mbili tatu karibu na nyumba, na ziko zilizokuwa za jamii nzima.

Mama yangu alinifundisha upande wa pili wa somo hilo bila kujua kuwa anafundisha. Kila alfajiri alipokamua, ndama alifungwa kando akilia. Mama alikamua chuchu mbili, siku nyingine tatu, akamwachia ndama zilizobaki. Siku moja tulipata wageni wengi na kibuyu hakikujaa. Nikamwuliza kwa nini asikamue zote. Alijifuta mikono kwenye kanga, akafungua kamba ya ndama, akasema, "Huyu ndiye maziwa ya miaka ijayo."

Ukiyaweka pamoja maneno ya wazee wangu hao wawili, unapata msingi wa kwanza wa jambo zima: ishi kwa kinachozaliwa, usile kinachozaa. Maziwa yanywe, nyasi zilizokua zilishwe, tawi likatwe. Ng'ombe mwenyewe, shina la nyasi na mzizi wa mti ni mtaji, na mtaji ukiuanza, hata kwa shida ya kweli, umeanza kula chakula cha mtu ambaye hajazaliwa.

Mwaka ule ule wa 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Tulihamia kijiji kipya, mwendo wa asubuhi nzima kwa mkokoteni. Sitaki kusema uongo juu ya kijiji kile: ndipo nilipoanza shule, ndipo mama alipopata zahanati ya kujifungulia wadogo zangu. Lakini ngitili ya babu ilibaki kule mahameni, na hakuna mtu anayeweza kulinda nyasi akiwa mbali nazo kiasi kile. Machifu walikuwa wameshaondolewa kisheria tangu 1963, na taratibu za kimila zilizokuwa zikitambua ngitili ya fulani ni ya fulani zilikuwa zimelegea. Eneo lililokuwa na mwenyewe likawa halina mwenyewe.

Wa kwanza kuingia na shoka hawakuwa wageni. Tulikuwa sisi. Kijiji kipya kilihitaji nguzo, kuni na maboma ya mifugo, na mahameni kulikuwa na migunga iliyosimama bure. Mama yangu, yule aliyemwachia ndama chuchu zake, alirudi na mzigo wa kuni kutoka kwenye ngitili ya baba mkwe wake. Hakuwa amesahau alichojua. Alijua kwamba asipoukata yeye mgunga ule leo, kesho utakatwa na mwingine, naye atabaki bila kuni na bila mgunga. Hilo nimelifikiria maisha yangu yote. Watu wema, wenye maarifa yote yanayotakiwa, wanaweza kuumaliza msitu kwa sababu tu hakuna kanuni inayomhakikishia kila mmoja kwamba mwenzake naye atasubiri.

Kuharibika kwa nchi yetu kulianza kabla ya vijiji. Tangu miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, vichaka vilifyekwa maeneo makubwa ili kuwafukuza mbung'o, ambao ugonjwa wao uliua ng'ombe na watu. Mbung'o walirudi nyuma kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Kisha pamba ikapanda bei na mashamba yakapanuka. Watu nao wakaongezeka, na kila mmoja alihitaji kuni za kupikia ugali. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa kiovu. Kilichokosekana ni mtu wa kuvijumlisha na kuuliza ardhi inaweza kubeba kiasi gani.

Hesabu ilipokuja, ilipitia jikoni. Nilipofika darasa la sita, kuni zilikuwa safari ya kutwa. Mama na dada zangu waliondoka kabla ya jogoo wa pili, wakarudi jua likielekea kuzama, wamebeba vijiti ambavyo zamani tungeviacha vioze. Baadaye tukaanza kuchoma mabua ya pamba, na mabua yalipokwisha tukachoma samadi. Naikumbuka harufu yake, na moshi wake mzito uliomfanya bibi atokwe machozi hadi usiku. Samadi ile ilikuwa irudi shambani. Ilipoishia mafigani, mtama ukapungua. Mtama ulipopungua, baba alifyeka shamba jingine ili tupate magunia yale yale, na kwa kufyeka akaondoa vichaka vya mwisho vilivyokuwa karibu, na safari ya kuni ikarefuka tena. Mwalimu wa sayansi angeuita mzunguko. Sisi tulikuwa ndani yake, na ukiwa ndani huoni duara, unaona tu siku ya leo na chungu kinachosubiri moto.

Hapo nilijifunza msingi wa pili, ingawa sikuwa na jina lake. Vitu vimefungamana. Huwezi kukata mti ukasema umekata mti peke yake. Umegusa samadi, umegusa mtama, umegusa macho ya bibi na miguu ya dada. Hata maji yalibadilika: mvua zilinyesha, lakini ardhi iliyo uchi haikuyashika. Yalipita juu yake yakibeba udongo mwekundu, yakaingia makorongoni, na kesho yake kisima kilikuwa na tope tu.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1983 na 1984. Tulibaki na ng'ombe tisa kati ya thelathini na mbili. Ng'ombe mwenye njaa huanza kwa kushindwa kusimama asubuhi. Kila kulipokucha, baba na wanaume wawili wa jirani walizunguka boma. Mmoja alishika pembe, mwingine mkia, wa tatu alipitisha gogo chini ya tumbo, wakamwinua kwa pamoja wakihesabu. Akisimama, unamshikilia mpaka miguu iache kutetemeka, kisha unamwachia polepole kama mtoto anayejifunza kutembea. Akianguka tena siku hiyo hiyo, unajua.

Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe shingoni, kitukuu wa ng'ombe aliyelipwa mahari ya bibi. Alipoanguka mara ya pili, babu alitazama juu ya kihenge chetu cha mtama, akasema, "Ezueni paa." Paa lile lilikuwa limeezekwa kwa nyasi ndefu za mwisho tulizozikata mahameni, mwaka 1979. Nilipanda nikazishusha matita kwa matita, nyeusi kwa moshi wa jikoni, zikivunjika mikononi. Tulizilowesha kwa maji kidogo yenye chumvi, babu akaziweka mdomoni mwa yule ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe. Alitafuna. Aliishi siku sita zaidi.

Babu hakusema neno. Lakini alinitazama, na nikajua sote wawili tunakumbuka unyasi mmoja mrefu kwenye kiganja cha mtoto. Ilikuwa Agosti, na kilichokuwa cha Agosti kilikuwa kimeshaliwa. Yeye alifariki mwaka uliofuata.

Wakati huo watu walikuwa wameanza kuuita mkoa wetu Jangwa la Tanzania. Wengine walichagua kuondoka. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikusanya ng'ombe waliobaki akaelekea kusini, bonde la Usangu, ambako alisikia maji hayakauki. Na kweli hayakukauka kwa miaka kadhaa, akaandika barua ya kutusifia majani yanayofika kwenye pembe za ng'ombe. Lakini kwenye bonde lile walikuwepo wakulima wa mpunga waliohitaji maji yale yale, na wafugaji wengi walikuwa na wazo la mjomba. Kuanzia mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu, ambao miaka yote ulipitisha maji mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi. Ruaha Mkuu ndio unaoleta maji Mtera na Kidatu, kwenye mitambo ya umeme inayowasha taa hadi Dar es Salaam. Mwaka 2006 wafugaji wakaamriwa kuhama bonde lile, na mjomba, akiwa mzee, akaanza safari nyingine ya kuelekea pwani ya kusini.

Ninaposimulia habari zake simlaumu. Aliwaokoa watoto wake. Lakini maisha yake yalinionyesha kwamba kuhama na tatizo hakulitatui, kunalipeleka kwa mtu mwingine, na dunia ina mwisho wa mahali pa kuhamia.

Huku nyumbani, mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi ulioitwa HASHI, kifupi cha Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway, na baadaye watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF walijiunga nao. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu. Nilipopangiwa shule yangu ya kwanza, tulikuwa na ari kubwa ya kupanda miti. Tulijaza viriba, tukaotesha miche, tukaipanda kwa mistari kuzunguka uwanja wa mpira, watoto wakaimba. Kiangazi kilipokwisha ilikuwa imebaki kumi na mmoja kati ya mia mbili. Mbuzi walikula mingine, mchwa mingine, na mingi ilikufa kiu kwa sababu maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya foleni. Watoto walihuzunika, nami nilihuzunika zaidi, maana nilikuwa nimewaahidi kivuli.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita pale kila siku na ng'ombe wake alinisalimu asubuhi moja, "Mwangaluka, mwalimu," akasimama kutazama miche iliyokauka. Akaniomba jembe. Alifukua hatua chache kutoka kwenye mistari yetu, mahali palipoonekana hapana kitu, akanionyesha kisiki cha mgunga kilichokatwa usawa wa ardhi. Chini yake mzizi ulikuwa mnene kama paja, mbichi, una unyevu. "Huu haujafa," alisema. "Unasubiri mpumzike."

Hilo ndilo mkoa mzima ulilolielewa miaka ile. Ardhi yetu ilikuwa na mizizi. Haikuhitaji miche kutoka mbali kama ilivyohitaji kuachwa. Wataalamu na wanavijiji walirudi kwenye neno la zamani, ngitili, na watu wakaanza kuzifunga tena. Baba yangu, kama wengine wengi, alikuwa amerudi mahameni. Mwaka 1989 alipanda minyaa kuzunguka eka 12 za baba yake.

Uzio wa minyaa ng'ombe anaupita. Mimi ni shahidi. Kilicholinda ngitili ni dagashida, mkutano wa kimila wa jamii, unaoketi chini ya mti na kusikiliza kila anayetaka kusema. Nilihudhuria ule uliotunga kanuni za kwetu. Ulichukua siku mbili. Walibishana tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, nani aruhusiwe kuokota kuni kavu, mjane asiye na ngitili atapata wapi nyasi za kuezeka. Faini ikawekwa. Miezi minne baadaye maksai wawili wa baba yangu walikata kamba usiku, wakaamkia ndani ya ngitili ya jirani. Baba alikuwa miongoni mwa waliopigania kanuni ile. Alitoa mbuzi jike mwenye mimba, akampeleka mwenyewe, mchana, watu wakiona. Mama alinung'unika, na baba akamwambia kwamba mbuzi yule ndiye atakayelinda ngitili yetu kuliko minyaa yote. Alikuwa sahihi. Kanuni iliyotungwa na wanaoiishi, na inayomgusa aliyeitunga, ilifanya kazi ambayo amri za mbali hazikuwahi kuifanya.

Mvua ya kwanza ilileta nyasi nyembamba. Ya pili ikaleta machipukizi kwenye visiki. Baada ya mvua ya tatu, baba alichagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka katika kila kisiki, akapunguza mengine, na hayo aliyoyapunguza yakawa kuni. Mwaka wa tano nilimsikia kwale. Sikuwa nimemsikia tangu utotoni, na nilisimama njiani na baiskeli yangu mpaka akanyamaza. Lakini ishara niliyoipenda kuliko zote ni mama kurudi na kuni kabla umande haujakauka. Samadi ikarudi shambani.

Katikati ya miaka ya 1990 nilihudhuria semina ya walimu mjini. Mwezeshaji aliandika ubaoni: maendeleo endelevu. Alieleza kuwa maneno hayo yalienea duniani mwaka 1987, kupitia ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, aliyekuwa waziri mkuu wa Norway, na kwamba maana yake ni kukidhi mahitaji ya watu wa leo pasipo kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi yao. Baadaye nilisoma kwamba wazo lenyewe ni la zamani zaidi huko Ulaya: mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa machimbo ya Saxony, aliandika kitabu cha kuonya kuwa miti inayokatwa kwa ajili ya migodi isizidi inayoota. Walikuwa wameishiwa miti kama sisi.

Nilipomweleza mama maana ya maneno yale ya ubaoni, alisikiliza akichambua mlenda, kisha akauliza, "Na sisi tuliopo, je? Wametutaja?" Nikamwambia ndiyo, mahitaji ya leo yametajwa kwanza. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. "Vizuri. Maana mwenye njaa hawezi kumtunzia mtu ngitili."

Swali lake ndilo lililonifanya nielewe kwa nini kwetu ilifanikiwa. Ngitili haikuwa eneo la kutazamwa kwa mbali. Ilitoa nyasi, kuni, nguzo, asali, dawa, ukwaju, nyasi za kuezekea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kuwa faida za misitu ile iliyorejeshwa zilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Mradi ulipoanza, ngitili zilizorekodiwa mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Watafiti walihesabu ndani yake aina 152 za mimea na 145 za ndege. Mwaka 2002 kazi hiyo ya Shinyanga ikatambuliwa kupitia Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nilipowasomea wanafunzi habari ile, niliwapeleka kwanza kwenye kile kisiki cha uwanjani, ambacho kwa wakati huo kilikuwa mti wanaokaa chini yake kula viazi.

Usiku, kutoka mwinuko wa kwetu, huonekana taa za Mwadui. Almasi iligunduliwa pale mwaka 1940 na John Williamson, na kwa miaka mingi utajiri wa Shinyanga duniani ulikuwa jiwe lile. Wanafunzi huniuliza kama na mgodi unaweza kuwa endelevu. Huwajibu kwamba almasi haizai. Ikishatoka imetoka, na shimo linabaki. Kitu cha aina hiyo unaweza kukitumia kwa haki kwa njia moja tu: kukigeuza kiwe kitu kitakachoendelea kuzaa, kama shule, hospitali, maarifa ya mtoto. Jiwe likigeuka kuwa daktari, halijapotea. Likigeuka kuwa karamu, limekwisha. Kuna vinavyoota kwa mvua moja, kuna vinavyohitaji maisha mazima ya mtu, kama mpingo, na kuna visivyoota kabisa. Mwenye busara hutazama kwanza ameshika kipi, ndipo aamue mwendo.

Baba alifariki mwaka 2011. Siku ya arobaini tulikaa watoto saba kuzungumzia mirathi, na ngitili ya eka 12 ikawekwa mezani. Ukigawa 12 kwa saba, kila mmoja anapata kipande kisichoweza kupumzika. Nyumba nyingi za kwetu ngitili zimekwisha kwa njia hiyo, kwa urithi halali kabisa. Mdogo wetu wa mwisho alisimama, akasema anataka fungu lake auze, anunue pikipiki ya bodaboda. Ana watoto watatu na hana mshahara kama mimi. Ndugu wengine walianza kumkemea kwa jina la babu. Nilikumbuka swali la mama, na nikaona kwamba tulikuwa tunamwomba aliye maskini kuliko sote alipe gharama ya kutunza mali ya sote.

Basi tuligawana gharama. Tuliuza maksai watatu, sisi wenye kipato tukaongeza, akapata pikipiki yake. Ngitili ikabaki nzima, ikaandikwa kwenye muhtasari wa ukoo na kijiji, kisha tukaiombea hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nyasi za kuezekea, nguzo na asali hugawanywa mafungu saba. Yeye, kwa kuwa anaishi karibu, akakabidhiwa uangalizi na mizinga ya nyuki. Haukuwa uamuzi uliomfurahisha kila mtu. Dada yetu mmoja aliumia kwa wale maksai, na alikuwa na haki ya kuumia.

Mwaka jana, mwezi Juni, nilikwenda kumsalimu. Pikipiki imechakaa, ameegesha chini ya mwembe. Nilimkuta amesimama penye minyaa akizungumza na jirani aliyekuja na ng'ombe watatu, mmoja ana ndama mchanga. Nje, nyasi zilikuwa zimebaki vishina. Ndani ya uzio zilikuwa zimesimama, za rangi ya dhahabu, zinapigwa na upepo kama ziwa. Jirani alikuwa akiomba siku mbili tu.

Mdogo wangu alimtazama yule ndama kwa muda mrefu. Alimkatia mundu mmoja wa nyasi za pembezoni, mzigo wa ndama peke yake, akaufunga, akampa. Babu alifariki kabla hajazaliwa, na sijui kama baba aliwahi kumsimulia habari za mimi na ndama wanne.

"Hizi nyingine bado, kaka," alimwambia. "Ni za Agosti. Njoo Agosti tugawane."